Programu mpya kwenye Linux ya zamani: mwongozo kutoka steshenari ya Mtwara

Mnada wa korosho ukianza mwezi wa kumi, steshenari ninayoihudumia karibu na soko kuu la Mtwara hugeuka ofisi ya makarani. Wanateremka kutoka vyama vya msingi na fleshi mfukoni, kila mmoja anataka orodha ya wakulima wake ichapwe leo leo. Msimu mmoja dada karani alifungua faili lake la Excel kwenye kompyuta yetu, akasahihisha kilo za mkulima mmoja, mara safu nzima ya malipo ikajaa #NAME?.

"Fundi, mashine yako imekula hela za watu."

Haikuwa imekula kitu. Faili lile lilitumia fomula ya XLOOKUP, na LibreOffice, programu ya ofisi tunayoitumia badala ya Excel, ilianza kuielewa kwenye toleo la 24.8 lililotoka Agosti 2024. Tatu kati ya kompyuta zetu nne zilikuwa na Debian 12, iliyotoka Juni 2023 ikiwa na LibreOffice 7.4. Debian ikishatoka, matoleo ya programu zake hufungwa pale yalipo. Kinachoendelea kuletwa ni viraka vya usalama na marekebisho ya makosa makubwa, na ndiyo maana mashine hizi hazitusumbui mwaka mzima. Tatizo ni siku ile moja unapohitaji programu moja mpya.

Programu moja, sisitiza hapo. Mwongozo huu unahusu kuingiza programu moja au mbili mpya huku mfumo mwingine wote ukibaki kama ulivyo. Mifano yangu ni ya Debian na ndugu zake kama Ubuntu na Mint, na nitaifuata LibreOffice mwanzo hadi mwisho kwa sababu ndiyo iliyonitoa jasho.

Kwanza, jua ulichonacho

Fungua teminali, andika:

```
cat /etc/os-release
dpkg --print-architecture
ldd --version
df -h /
apt policy libreoffice-calc
```

Amri ya kwanza inataja distro (aina ya Linux, kama Debian au Ubuntu) na jina la toleo: bookworm ni Debian 12, bullseye ni 11, focal ni Ubuntu 20.04. Ya pili ikijibu amd64, uko salama. Ikijibu i386, mashine yako imewekewa mfumo wa biti 32 na njia nyingi za hapa chini zimefungwa. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi wala keneli (kiini cha mfumo) ya i386. Lakini usikate tamaa mapema. Kompyuta nyingi za mtumba zina prosesa ya biti 64, ila aliyeziuza aliweka mfumo wa 32. Andika `lscpu` na utazame mstari wa `CPU op-mode(s)` ukitafuta 64-bit. Ukiiona, pakia mfumo upya kwa amd64 kabla ya kuhangaika na mengine.

Ya tatu inakupa namba ya glibc, nitairudia. Ya nne ni nafasi ya diski. Ya tano, ya apt (kisakinishi cha programu cha Debian), ndiyo nitakayoitaja kila hatua: inaonyesha toleo ulilonalo, toleo linalopatikana, na linatoka ghala lipi. Naita ghala, yaani hifadhi ya programu mtandaoni, kwa makusudi. Watu wengi husema repo, na wengine huita pakeji (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa) "vifurushi", lakini Mtwara ukimwambia mtu kifurushi kimeisha atakwenda kununua bando.

Kisha jiulize kama kweli unahitaji toleo jipya. Faili la yule karani lingeweza kuandikwa upya kwa INDEX na MATCH, fomula ambazo hata LibreOffice ya zamani sana inazijua. Siku ile nilifanya hivyo hivyo, akaondoka na orodha yake ndani ya nusu saa. Nilianza kutafuta toleo jipya usiku ule, kwa sababu nilijua kesho watakuja wengine watano na mafaili ya namna ileile.

Jambo jingine la kuangalia ni kama distro yenyewe bado iko hai. Ubuntu 20.04 ilimaliza huduma yake ya kawaida mwaka 2025. Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa matumizi binafsi hadi mashine 5, inaendelea kuleta viraka vya usalama, si matoleo mapya. Debian 11 iko kwenye huduma ya muda mrefu inayofika mwisho wa Agosti 2026. Mashine yenye mfumo uliokwisha muda wake kabisa haisaidiwi na LibreOffice mpya. Hiyo panga siku ya kuihamisha mfumo mzima.

Kosa nililolifanya mimi, ili wewe usilirudie

Mara yangu ya kwanza nilijiona mjanja. Nikafungua `/etc/apt/sources.list`, nikaongeza mstari wa toleo lililofuata la Debian, nikaandika `apt install libreoffice`. Apt ikaniuliza kama nakubali kusasisha pakeji mia na ushee. Nikabonyeza Y bila kusoma. Katikati ya kazi umeme ukakatika.

Uliporudi, mashine iliwaka hadi skrini nyeusi yenye maandishi meupe, ikagoma hapo. Nilimaliza Jumapili yangu nikipakia mfumo upya.

Kilichotokea ni hiki. Karibu kila programu kwenye Linux husimama juu ya maktaba moja ya msingi iitwayo glibc. Debian 11 na Ubuntu 20.04 zina glibc 2.31, Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36, Debian 13 ina 2.41. Programu iliyoundwa juu ya 2.41 inaweza kudai vitu ambavyo 2.36 haina. Ukiilazimisha, ama itakataa kuwaka ikilalamika `version 'GLIBC_2.38' not found`, ama apt itaivuta glibc mpya, nayo ivute wenzake, na wenzake wavute wenzao. Unaishia na mfumo ambao nusu ni wa mwaka huu na nusu wa zamani, usio Debian 12 wala 13. Wana Debian wenyewe wana jina la kejeli kwa mashine ya namna hiyo: FrankenDebian.

Kwa hiyo, usichanganye maghala ya matoleo mawili ya distro. Usipakue pia pakeji ya `.deb` ya toleo jipya na kuilazimisha kwa `dpkg --force`. Mtandaoni utakutana na watu wanaoeleza jinsi ya kuyachanganya kwa kupanga vipaumbele vya apt. Inawezekana, nimewahi kuona ikifanya kazi, ila si kwa mashine ambayo mteja amesimama mbele yake.

Njia ya kwanza: ghala la backports

Hapa ndipo pa kuanzia ukiwa na Debian ambayo bado ghala lake hili linahudumiwa. Backports ni pakeji zilizochukuliwa kutoka toleo jipya la Debian na kuundwa upya juu ya maktaba za toleo lako. Yaani mtu mwingine ameshafanya kazi ngumu, na glibc yako haiguswi.

Tengeneza faili:

```
sudo nano /etc/apt/sources.list.d/backports.sources
```

Ndani yake andika:

```
Types: deb
URIs: http://deb.debian.org/debian
Suites: bookworm-backports
Components: main
Signed-By: /usr/share/keyrings/debian-archive-keyring.gpg
```

Jina la toleo kwenye mstari wa tatu lazima liwe la distro yako. Ukiwa na bookworm na ukaandika trixie-backports (ya Debian 13), umerudi kwenye kosa langu kwa mlango wa nyuma. Hifadhi, kisha:

```
sudo apt update
apt policy libreoffice-calc
```

Sasa utaona mistari miwili ya matoleo. Ghala la kawaida lina kipaumbele 500, la backports lina 100. Maana yake ni kwamba kuongeza ghala hili hakubadilishi chochote peke yake. `Apt upgrade` ya kila wiki haitaanza kukuletea vitu usivyoviomba. Toleo la backports utalijua kwa mkia wake, `~bpo12`. Soma namba iliyo mbele: kwa XLOOKUP nilihitaji 24.8 au zaidi. Kama ni ndogo kuliko unayoitaka, ruka uende njia ya pili, usipoteze bando.

Kabla ya kusakinisha, fanya jaribio la mdomo:

```
sudo apt-get -s install -t bookworm-backports libreoffice libreoffice-calc libreoffice-writer
```

Herufi s huifanya apt ieleze itakachofanya bila kukifanya. Soma jibu lote, na tafuta mstari wa pakeji zitakazoondolewa, ule wenye neno REMOVED. LibreOffice imegawanywa vipande vingi vinavyotakiwa kuwa toleo moja, kwa hiyo ni kawaida kuona orodha ndefu ya vinavyosasishwa. Lakini ukiona mazingira ya skrini au kitu cha mtandao kimo kwenye orodha ya kuondolewa, simama. Ikiwa ni kipande cha LibreOffice kinachong'ang'ania toleo la zamani, kiongeze jina lake kwenye amri na ujaribu tena.

Ukiridhika, tenganisha kupakua na kusakinisha. Hii ni tabia niliyoipata baada ya umeme ule:

```
sudo apt-get -d install -t bookworm-backports libreoffice libreoffice-calc libreoffice-writer
```

Herufi d inapakua tu. Niliiacha usiku bando likiwa rahisi, nikalala. Asubuhi nikarudia amri ileile bila -d, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa tayari kwenye diski, kusakinisha kulichukua muda mfupi tu. Dirisha la hatari umeme ukikatika linakuwa dogo. Ukikatika hata hivyo, mashine ikiwaka andika:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt -f install
```

Mara nyingi hizo mbili zinatosha kumalizia kilichokatizwa.

Tangu hapo apt itaendelea kukusasishia LibreOffice kutoka backports, kwa sababu imeshajua ndiko ilikotoka. Njia hiyohiyo hufaa kwa keneli, ukiwa na kompyuta mpya kidogo ambayo kadi yake ya waifai haionekani: `sudo apt install -t bookworm-backports linux-image-amd64`. Keneli ya zamani hubaki kwenye menyu ya kuwashia, kwa hiyo mpya ikigoma unarudi uliko.

Ghala la backports halikai milele. Distro ikizeeka, hufungwa na kupelekwa archive.debian.org, haliongezewi kitu tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa bullseye-backports.

Njia ya pili: pakeji za watengenezaji wenyewe

Kompyuta moja kati ya zetu ilikuwa bado na Debian 11. Backports haikunisaidia pale. LibreOffice, kwa bahati nzuri, hutolewa pia na watengenezaji wake kama rundo la `.deb` kwenye tovuti yao, limeundwa makusudi juu ya mfumo mkongwe ili likubali kwenye distro nyingi. Jiandae kwa megabaiti mia mbili hivi. Chagua Linux ya biti 64, aina ya deb, kisha:

```
tar xf LibreOffice_*_Linux_x86-64_deb.tar.gz
cd LibreOffice_*_deb/DEBS
sudo apt install ./*.deb
```

Inakaa peke yake ndani ya `/opt`, kwenye folda yenye namba ya toleo, wala haigombani na ile ya distro. Nilipendezwa na hilo: kwa wiki nzima tulikuwa na mbili kwenye mashine moja, mwenye duka akitumia aliyoizoea, mimi nikiijaribu mpya kwa mafaili ya makarani. Ukitaka menyu kwa Kiswahili, kuna pakeji ya lugha ya sw-TZ ukurasa uleule. Mizizi yake ni ya zamani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na maneno mengi ya menyu za leo walianza kuyatafuta wao. Mwenye duka aliijaribu siku moja akarudi kwenye Kiingereza.

Ubaya wa njia hii ni kwamba hakuna anayekukumbusha. Apt haijui kuwa kuna toleo jipya, na kila toleo la LibreOffice huhudumiwa chini ya mwaka mmoja. Andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

Watengenezaji wengine hukupa ghala lao kamili badala ya faili moja. Mozilla, kwa mfano, wana ghala la apt la Firefox. Utaratibu ni kuweka funguo ya sahihi yao ndani ya `/etc/apt/keyrings`, kisha kuitaja funguo hiyo kwenye mstari wa Signed-By wa ghala hilo tu. Ukiona maelekezo yanayotumia `apt-key add`, yamepitwa na wakati: funguo iliyoingizwa hivyo huaminiwa kwa kila ghala kwenye mashine. Ni sawa na kumpa mpangaji mmoja funguo za nyumba nzima.

Kwa Ubuntu kuna PPA, maghala ya mtu au kikundi. Angalia kwanza kama bado wanaunda kwa toleo lako, maana wengi huliacha likizeeka, na angalia ni nani anayeiendesha. PPA ya timu ya programu yenyewe, sawa. Ya mtu usiyemjua aliyeiacha miaka mitatu iliyopita, hapana. Ukitaka kujitoa, pakeji `ppa-purge` inarudisha matoleo ya distro.

Njia ya tatu: Flatpak

Flatpak huja na maktaba zake yenyewe, glibc ikiwemo, kwa hiyo umri wa distro yako karibu hauna maana. Gharama yake ni ukubwa. Kwa programu ya kwanza utapakua pia mazingira yake ya msingi, na LibreOffice pamoja nayo hula zaidi ya gigabaiti moja ya diski. Programu ya pili inayotumia mazingira yaleyale huwa nafuu.

```
sudo apt install flatpak
flatpak remote-add --if-not-exists flathub https://dl.flathub.org/repo/flathub.flatpakrepo
flatpak install flathub org.libreoffice.LibreOffice
```

Itakuonyesha ukubwa kabla ya kukubali. Toka kwenye akaunti na uingie tena ili ionekane kwenye menyu. Kusasisha ni `flatpak update`, kufagia mabaki ni `flatpak uninstall --unused`. Fagio hilo usilisahau, diski ya gigabaiti 120 hujaa kimyakimya. Kwenye mashine zetu zenye RAM ya gigabaiti 4 niliiona inachelewa kufunguka mara ya kwanza, baadaye inakwenda sawa.

Kinachonifanya niipende licha ya uzito ni kwamba inabebeka kwa fleshi. Kuna rafiki yangu mwenye kompyuta mbili Newala, mtandao wake ni wa kubembeleza. Mtwara, kwenye mashine iliyokwisha kupakua, nafanya hivi:

```
flatpak remote-modify --collection-id=org.flathub.Stable flathub
flatpak create-usb /media/fundi/FLESHI org.libreoffice.LibreOffice
```

Kule Newala mashine iwe imeongezewa Flathub (ghala la Flatpak) na amri ileile ya remote-modify, kwa bando dogo tu, kisha:

```
flatpak install --sideload-repo=/media/fundi/FLESHI/.ostree/repo flathub org.libreoffice.LibreOffice
```

Usiiumbize (usiifomati) fleshi kwa FAT32, ina kikomo cha ukubwa wa faili na haijui ruhusa za Linux. Tumia ext4.

AppImage ni ndugu yake mwepesi: faili moja, `chmod +x`, unalibonyeza. Zuri kwa kujaribu programu. Halijisasishi lenyewe, na distro nyingine hudai usakinishe libfuse2 kwanza.

Kuunda mwenyewe

LibreOffice usijaribu, kwenye mashine kama zetu itakesha. Lakini kwa programu ndogo ambayo backports haina, unaweza kuchukua chanzo cha pakeji kutoka Debian mpya na kuiunda kwako. Ongeza mstari wa `deb-src` peke yake wa toleo jipya (chanzo hakisakinishwi, kwa hiyo hakichanganyi mfumo), kisha, ukiweka jina la pakeji yako:

```
sudo apt install build-essential devscripts
sudo apt build-dep jina
apt source jina
cd jina-*/
dpkg-buildpackage -us -uc -b
```

Kama `build-dep` inadai maktaba mpya kuliko ulizonazo, acha. Ukianza kuunda maktaba ili uunde maktaba, ndoto ya usiku mmoja inakuwa ya mwezi.

Mashine nne, bando moja

Usipakue kitu kilekile mara nne. Kwenye mashine moja sakinisha `apt-cacher-ng`. Kwenye nyingine tatu tengeneza `/etc/apt/apt.conf.d/01proxy` yenye mstari huu, ukiweka anwani ya mashine ile ya kwanza:

```
Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
```

Ya kwanza kuomba pakeji ndiyo inayolipa bando, zinazofuata zinakunywa kwa jirani. Maghala ya Debian yaache kwenye http, kwa sababu ya https hayahifadhiki hivyo. Usalama wako uko kwenye sahihi za pakeji. Huna mtandao wa ndani? Tumia `apt-get` kupakua, si `apt`, kwani `apt` hufuta pakeji ikishasakinisha. Nakili `.deb` zote kutoka `/var/cache/apt/archives` kwenye fleshi, na kwenye mashine nyingine yenye distro na toleo lilelile andika `sudo apt install ./*.deb` ndani ya folda hiyo.

Ukijuta

Pakeji za backports hazirudi nyuma zenyewe. Kwa LibreOffice njia fupi ni kuing'oa yote na kuiweka upya bila `-t`:

```
sudo apt purge 'libreoffice*'
sudo apt autoremove --purge
sudo apt install libreoffice
```

Soma orodha ya autoremove kabla ya kukubali. Nyaraka za watu haziguswi, ila mipangilio iliyo kwenye `~/.config/libreoffice` iliandikwa na toleo jipya. La zamani likifanya visirani, ibadilishe jina folda hiyo na uanze upya. Ukisahau uligusa nini, fungua `/var/log/apt/history.log`. Kila amri imo humo na saa yake, pamoja na ile Y niliyoibonyeza bila kusoma.